Kufuli la Ghala la Sauti

3 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo, na fundi mpya ameanza kazi leo. Sisemi kwamba mambo hayo mawili yana uhusiano. Naandika tu kwamba yamekuja siku moja.

Ni kijana wa thelathini na kitu, viatu vinang'aa mno kwa mtu anayesema ametembea kwa miguu kutoka kituoni. Alinipa shikamoo kabla sijamaliza kugeuka. Nikaitikia marahaba, moyoni nikajiuliza heshima yote hii anataka kununulia nini. Mkuu wa studio akasema, "Mama, huyu ndiye atakayetutunzia mitambo kuanzia leo. Mpe ushirikiano." Miaka yote ghala la sauti nimelitunza mimi. Ni kompyuta kubwa katika chumba cha nyuma, na ndani yake mna kila kitabu kilichowahi kusomwa hapa kwa ajili ya wanafunzi wasioona. Wasomaji wanaingia kwenye kibanda cha vioo, wanasoma, sauti inakuja kwangu, mimi naihifadhi. Ushirikiano nimempa: nimemwonyesha kiti.

Alikaa, akatazama kidogo, akasema, "Nafasi inaisha." Baada ya chai akasema tena. Kufikia jioni wasomaji walikuwa wameshampa jina, Bwana Nafasi.

Nyumbani nilimsimulia mume wangu, akacheka sana. Yeye ndiye msomaji wetu wa vitabu vya sayansi, mtu anayeweza kukusomea jedwali la tarakimu ukatamani lisiishe. Kicheko kikaishia kwenye kikohozi. Anasema ni vumbi la zulia la kibandani.

4 Machi

Mvua. Dari la chumba cha nyuma linavuja palepale pa mwaka jana. Nimeweka ndoo.

7 Machi

Bwana Nafasi amekuja na mpango.

"Mama, kila jioni mfumo unapiga picha ya ghala zima, lilivyo saa hiyo. Sauti ikipotea leo, tunairudisha kutoka kwenye picha ya jana."

"Najua. Mimi ndiye niliyeuomba huo mfumo."

"Basi unajua picha zinakaa kwenye diski ya jengo la pili, na hakuna aliyewahi kuzipunguza. Nimetengeneza programu ndogo. Kila asubuhi inatoa picha zilizozeeka, inaacha mpya."

"Inajuaje iliyozeeka?"

"Kwa tarehe."

"Na yenye maana inaijuaje?"

Akajikuna kidevu. "Hiyo haiwezi kujua, mama. Sisi ndio tunaoipangia."

Nimeiita fagio. Mimi na fagio linalojiendesha lenyewe hatutaelewana. Nyumbani kwangu sukari inakaa kabatini na kufuli. Nililiweka watoto walipokuwa wadogo. Watoto wameshaoa na kuolewa, kufuli lipo palepale, na mume wangu huniita Bi Kufuli mbele za wageni. Namwacha aniite, sukari haijawahi kupungua bila mimi kujua.

8 Machi

Mvua. Ndoo.

12 Machi

Leo sina la ghala.

Wifi alikuja mchana. Ni dada yake mume wangu, muuguzi, na haji siku za kazi. Akasema, "Wifi, kaa kwanza." Mtu akikuambia kaa kwanza, habari imeshafika mlangoni.

Mume wangu ana uvimbe kwenye zoloto, pale sauti inapotengenezwa. Daktari anasema uvimbe utatoka na zoloto lenyewe, ukiachwa utammaliza. Upasuaji ni mwanzoni mwa Mei. Atapumua, atakula, atatembea. Hatasema.

Nikamgeukia mume wangu, nikamuuliza amejua lini. "Juzi," akasema. Nikamtazama wifi, wifi akawa anatazama pazia. Pazia langu nalijua, halina cha kutazama.

Mimi ndiye niliyelia. Yeye alinishika bega akasema, "Bi Kufuli, nina kitabu cha kumaliza."

Kitabu ni cha baiolojia, cha darasa linalofanya mtihani mwisho wa mwaka. Mtaala umebadilika, kile cha zamani hakifai tena. Msomaji mwingine anaweza kusoma maneno, lakini michoro haisomeki. Mume wangu hufika kwenye mchoro, hunyamaza, huutazama, kisha huusema anavyouona, pole pole, kutoka kichwani mwake, bila kuandika popote. Mwalimu wa shule ya wasioona, ambaye naye haoni, aliniambia siku moja, "Figo sijaigusa wala sijaiona. Nimeionea kwenye mdomo wa mume wako." Nilijivuna wiki nzima.

16 Machi

Nilitaka kusikiliza sauti zake za Januari na Februari, zile ghafi, kabla hazijakatwa makosa. Sikuwa na kazi nazo. Nilitaka kumsikia tu. Folda ipo, ndani hamna kitu.

Nikaenda kwenye picha. Fagio limeshatoa zile za zamani, na zilizobaki zote zimepigwa baada ya folda kuwa tupu. Nikakaa nikafikiri. Mtu akifuta kitu, kisha fagio likafuta picha za kitu hicho, ni kama hakikuwahi kuwepo duniani. Na nywila ya ghala tunayo wawili: mimi na aliyeleta fagio.

Nikamfuata. "Sauti ghafi za Januari ziko wapi?"

"Zilikuwa na makosa mengi, mama. Zilisafishwa."

"Kwa amri ya nani?"

Akaanza kukunja waya ambao ulikuwa umeshakunjwa. "Ni utaratibu tu."

Mpwa wangu aliwahi kunionyesha kwenye simu mashine iliyofundishwa sauti ya mtu, ikawa inasema maneno ambayo mwenyewe hajawahi kuyasema. Aliniambia watu wanaziuza. Sasa fikiria sauti kama ya mume wangu, na mwenye sauti karibu ataondokewa nayo asiweze hata kubisha. Kikulacho ki nguoni mwako. Wa kwangu amevaa viatu vinavyong'aa.

18 Machi

Nimewakuta kibandani, mume wangu na Bwana Nafasi, vichwa pamoja, wananong'ona. Nilipofungua mlango wakanyamaza. Mume wangu akauliza chai iko wapi. Chai ilikuwa mbele yake.

Nyumbani sikumuuliza kitu. Mgonjwa haulizwi maswali. Lakini nimeona.

20 Machi

Nimefunga.

Mfumo una kufuli la kuzuia kufuta. Ukilifunga, picha haifutiki hata fagio lije na amri kumi, mpaka mwenye nywila alifungue. Nilikwenda kwa Mkuu nikamweleza kwamba kuna sauti zimepotea na sijaridhika na maelezo. Mkuu ni mtu anayeogopa ugomvi kuliko moto. Akakubali kufuli, akakubali na nywila ya Bwana Nafasi isimamishwe.

"Kwa muda gani, mama?"

"Mpaka nijue."

Bwana Nafasi hakubisha. Alikuja mezani kwangu, akasimama. "Kufuli ni jambo jema, mama. Lakini lifunge kwenye picha chache za maana, au lipe mwisho. Ukizifunga zote bila mwisho, fagio halitapata cha kutoa."

"Ndivyo ninavyotaka."

"Na picha mpya zitaingia wapi?"

Nikamwambia yeye kila siku ni nafasi, nafasi, kama kondakta. Akaenda zake.

21 Machi

Asubuhi kwenye kompyuta nimekuta ujumbe: *Jaribio la kufuta limekataliwa.* Nimeusoma mara tatu kwa raha. Kuna aliyejaribu, na amegonga ukuta. Nimeuhifadhi kwa ushahidi.

22 Machi

Limekataliwa. Nimehifadhi.

24 Machi

Koo limeanza kumsumbua kweli. Akisoma sura moja, jioni sauti imekwaruza kama mtu aliyeshangilia mpira. Daktari amesema apunguze kusema, kilichobaki ni kidogo.

Tulikaa mezani sisi wawili. Akasema, "Nikisema hapa na nikisoma kule, kitabu hakitafika mwisho. Lazima nichague."

Nikasema, "Chagua kitabu."

Naandika wazi nisije nikajidanganya baadaye. Nilisema mimi, kwa mdomo wangu. Akanitazama, akatabasamu, na hakusema tena. Kuanzia sasa nyumbani atagonga kikombe mara moja kwa ndiyo, mara mbili kwa hapana. Tumekula ugali wetu na mchicha kwa kugonga vikombe. Nilifikiri nitaweza.

28 Machi

Limekataliwa. Mvua. Ndoo imejaa mara mbili.

2 Aprili

Siku hizi mume wangu namsikia kazini tu, kupitia vipokea sauti, kioo kikiwa katikati yetu. Leo amenieleza mzunguko wa damu wa chura. Mimi na darasa zima la mtihani. Akimaliza anatoka, ananipungia mkono, na tunarudi nyumbani bubu kama watu waliogombana.

Namwonea wivu chura.

Kinachoniudhi ni Bwana Nafasi. Amepewa kazi ya kushika mitambo ya kibandani, na mara mbili nimeona midomo ya mume wangu ikimwambia kitu ilhali kipaza sauti kimezimwa. Maneno yamehesabiwa, mke hapati hata moja, fundi anapata. Nilimuuliza nyumbani, "Unamwambia nini yule?" Akagonga kikombe mara mbili. Hilo si jibu la swali langu.

3 Aprili

Limekataliwa.

6 Aprili

Limekataliwa. Mvua tangu alfajiri. Mlinzi anasema paa lote la nyuma limelegea, si tundu moja. Nimemwambia Mkuu. Mkuu amesema ataita fundi wa paa mvua ikikatika, yaani paa litazibwa siku ambayo halina kazi.

10 Aprili

Ujumbe wa leo una mistari miwili. Wa kwanza ni uleule, limekataliwa. Wa pili: *Picha ya jioni haikupigwa. Nafasi haitoshi.*

Nafasi! Neno lake lilelile. Nimeucheka. Wiki tatu amegonga mlango umekataa, sasa anatuma barua ya kitisho kwa jina la kompyuta ili nifungue mwenyewe. Sikuuhifadhi huu. Nimeufuta, na nilifurahi kuufuta.

11 Aprili

Uleule. Nimefuta.

13 Aprili

Amenifuata mwenyewe, mvua ikipiga bati hadi tukawa tunasemeshana kwa nguvu.

"Mama, picha hazipigwi."

"Umejuaje, nawe huna nywila?"

"Taa ya diski ya jengo la pili. Jioni ilikuwa inawaka muda mrefu. Sasa haiwaki."

"Kumbe unachungulia."

Akashusha pumzi. "Sawa, nachungulia. Fungua basi picha za Machi tu, fagio lizitoe. Hazina kitu kipya ndani."

"Za Machi ndizo unazozitaka."

"Kama hutaki, niruhusu ninakili kazi ya mzee kwenye diski ndogo, nikukabidhi wewe mwenyewe uende nayo nyumbani."

Hapo ndipo nilipohakikisha. Sauti ya mume wangu kwenye diski ya mfukoni, dunia nzima inangoja hapo mlangoni. Nikamwambia, "Mwanangu, mimi si wa jana." Alitaka kusema neno, akalimeza. Mtu mwenye haki hamezi maneno.

16 Aprili

Mkuu ameniita. Bwana Nafasi ameshapita kwake kwanza, viatu vyake vimeacha tope mlangoni. Mkuu akauliza kama ni kweli ghala la picha limejaa. Nikamwambia, "Bosi, aliyenyang'anywa ufunguo ndiye anayekuambia nyumba inaungua. Wewe umeona moshi?" Akasema hajaona. Akaniomba tu niangalie nikipata muda.

Sikupata muda. Nilikuwa namsikiliza mume wangu kwenye sura ya kumi, akieleza sikio kwa ndani. Alisema limejikunja kama konokono aliyeona aibu. Hilo halimo kitabuni.

19 Aprili

Mvua. Ndoo mbili sasa.

22 Aprili

Amemaliza.

Sura ya mwisho ilichukua siku nzima. Sauti ilikuwa inakwaruza kama mchanga, anasoma sentensi mbili anakunywa maji, anasoma moja. Wasomaji wengine waliacha kazi wakasimama nje ya kioo. Mwalimu alikuja pia, ameshikwa mkono na mwenzake, akakaa karibu nami nikampa vipokea sauti vyangu. Nilimwona uso wake. Baada ya "mwisho wa kitabu" mume wangu alinitazama kupitia kioo, akasema, "Bi Kufuli, funga," yaani nizime kinasa sauti. Nikazima.

Mwalimu akasema, "Mama, hiki nitakiweka juu ya vyote."

"Kitakuwa tayari wiki chache zijazo," nikamwambia. "Kipo salama, nimekifunga mwenyewe."

Daktari amemkataza hata kunong'ona mpaka siku ya upasuaji.

4 Mei

Upasuaji umekwenda vizuri. Wifi ametoka kuniambia. Alhamdulillahi. Siwezi kuandika zaidi.

7 Mei

Nilitoka wodini asubuhi nikapitia studio kuomba ruhusa ya siku nyingine. Mlinzi akafungua geti akasema, "Pole mama." Nilifikiri ni pole ya mgonjwa.

Dari la chumba cha nyuma limeanguka. Mbao, bati, na maji yote yaliyokuwa yamekaa juu yake vimeshukia kompyuta kubwa. Chumba kinanuka waya ulioungua na zulia bichi. Bwana Nafasi alikuwa katikati ya maji, suruali ameikunja magotini, hana shati. Shati lilikuwa mezani, limefunga diski alizozitoa ndani ya kompyuta. Alikuwa anazipangusa moja moja kama mtu anayempangusa mtoto aliyetoka kuogeshwa, na usoni ilionekana kwamba anajua ni bure.

Nitaandika kama lilivyokuja. Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba dari amelivuta yeye.

Kisha nikasema kwa nguvu, kila mtu asikie, "Tuna picha." Nikavuka ua na Mkuu nyuma yangu, tukaingia jengo la pili, kukavu, diski inanguruma vizuri. Nikaweka nywila, nikafungua. Picha zilikuwa zimejaa pomoni. Picha za Machi juu ya picha za Machi, ghala lilelile limepigwa tena na tena, hakuna hata moja iliyofutwa. Kufuli langu lilikuwa limefanya kazi yake: kila asubuhi fagio lilikuja lenyewe, likakataliwa. Nikashuka kwenye orodha kutafuta ya jana.

"Ya jana iko wapi?" Mkuu akauliza.

Ya mwisho ni ya tarehe nane Aprili. Chini yake hapakuwa na kitu.

Nikaifungua. Kitabu cha mume wangu kinaishia sura ya sita, kwenye chura. Figo hakuna, sikio hakuna, moyo hakuna, "mwisho wa kitabu" hakuna. Yaani zile siku zote tulizokula kwa kugonga vikombe, siku alizoninyima maneno ili ayapeleke kule, na kule hayapo. Sauti yake iliyokuwa haki yangu nilimruhusu awape watoto wa watu. Haikunifikia mimi na haikuwafikia wao. Nilisikia kitu kinatoka kifuani mwangu kama mlio, Mkuu akanikalisha.

Tuliporudi, Mkuu akauliza mbele ya watu wote, "Nani aliyezuia picha zisipigwe?"

Bwana Nafasi aliangalia miguu yake iliyolowa. "Mfumo ulijaa, bosi," akasema.

Hata hilo lilinitia shaka, Mungu anisamehe. Nilimfuata barazani.

"Kwa nini hukunitaja?"

"Ingerudisha nini?"

"Unataka nini kwangu?"

Akanitazama kwa uchovu, mtu mzima mbele ya mtoto msumbufu. "Sitaki kitu, mama. Zile sauti za Januari ulizozitafuta, nilizifuta mimi."

"Hilo nalijua."

"Hulijui. Mzee ndiye aliyeniomba, wiki ileile niliyoanza kazi. Zilikuwa na kikohozi ndani. Kwingine anasimama katikati ya sentensi, unasikia anatema kwenye kitambaa. Akaniambia, mke wangu ana masikio, akizisikia hizi atajua kabla sijapata namna ya kumwambia. Akaniapisha." Akakamua suruali. "Na kibandani, alipokuwa ananisemesha, alikuwa anauliza kama leo kikohozi kimesikika."

Alikuwa anajua tangu Januari. Mimi aliniambia amejua juzi. Wifi, pazia, chai iliyokuwa mbele yake, vyote vilikuwa kitu kimoja, na mimi nilivikusanya vyote, nikavipanga vizuri, nikampelekea mtu asiyehusika. Nilikuwa sahihi kwamba nafichwa. Nilikosea mlango tu.

Nikamwomba radhi. Akasema, "Yameisha, mama," na yeye ndiye aliyenisindikiza mpaka kituoni, mvua ikimnyeshea.

8 Mei

Nimefika wodini, nimemlisha uji kwa mrija, nimerudi. Sikumwambia. Wifi amesema tusubiri apate nguvu. Nimemwambia wifi nimechoka na watu wa kusubiri nguvu. Lakini nimesubiri.

12 Mei

Ameruhusiwa kurudi nyumbani. Wifi amemletea kibao kidogo cheusi na chaki, kimefungwa kamba anakivaa shingoni chini ya bandeji. Neno la kwanza aliloandika ni "sukari", kwa sababu niliisahau kwenye uji.

Nilimwambia mchana, wifi akiwa sokoni. Sikupamba. Nilisema dari, nikasema picha, nikasema kufuli, nikasema tarehe nane. Mkono wake ukaanza kutafuta chaki. Akaandika: *Nani alifunga?*

"Mimi. Nilidhani Nafasi anakuibia sauti. Nilikuta za Januari hazipo."

Alikaa na kibao magotini. Hakunitazama. Nje watoto wa jirani walikuwa wanapiga kelele, wanarukaruka kwenye madimbwi. Kwa kiganja akafuta, polepole, mpaka kibao kikawa cheusi chote. Kisha akaandika, akanigeuzia:

*Ungeniuliza nikiwa bado na sauti.*

Nilisoma, nikaenda jikoni. Nilikaa huko mpaka wifi aliporudi.

14 Mei

Hatujaandikiana.

17 Mei

Mwalimu amekuja nyumbani. Nilimweleza mwenyewe, nimeshika mkono wake. Akauliza, "Mzee yupo hapa?" Nikasema yupo, amekaa mbele yako. Akageuza uso pale alipo. "Mzee, hawa watoto wana mtihani. Maneno atasoma mwingine. Michoro tuandikie." Mume wangu alisahau, akafungua mdomo amjibu. Kisha akagonga kikombe mara moja.

18 Mei

Ameanza na figo. Karatasi zimetapakaa meza nzima. Mtu aliyekuwa anausema mchoro kwa pumzi moja leo ameuandika, ameukata, ameuandika, tangu asubuhi hadi adhuhuri. Nilipompelekea chai aliikubali.

23 Mei

Kompyuta mpya imefika. Bwana Nafasi amerudishiwa nywila, nilikwenda kwa Mkuu kumwombea mwenyewe, na nikamwambia Mkuu kwamba kufuli langu ndilo lililoijaza diski. Tumekaa mezani mimi na kijana tukapanga. Picha moja ya kila wiki inafungwa, na kufuli lake lina mwisho. Nyingine fagio litoe. Hafuti mtu peke yake, na hafungi mtu peke yake. Nilimuuliza maswali mengi mno, akajibu yote. Amekubali hata kuniwekea ujumbe wa nafasi kwa maandishi mekundu.

Bado nachungulia fagio kila asubuhi. Kuchungulia si dhambi.

30 Mei

Jua, siku ya tatu sasa. Ndoo nimezigeuza zikauke.

Binti mmoja msomaji amesoma figo ya mume wangu. Anasoma vizuri. Mume wangu alisimama nje ya kioo akisikiliza maneno yake katika mdomo wa mtu mwingine, na mara moja aliinua mkono akamsimamisha, akaandika kibaoni kwamba hapo apumzike kidogo, mwanafunzi aone kwanza.

Jioni tulikaa ukumbini. Ile sentensi yake imenikaa kooni tangu siku ile, na nilitaka ama niimeze ama niiteme. Nikamwambia, "Unasema ningekuuliza. Haya. Ile siku ya kumi na sita Machi, ningekuja nikakuuliza, umezifichia nini zile sauti, umeanza kuumwa lini. Ungeniambia kweli?"

Akacheka. Siku hizi kicheko chake ni mabega tu. Akachukua chaki, akaandika, akafuta neno moja, akaandika tena, akanigeuzia kibao.

*Ningekudanganya. Lakini ungenisikia.*